Toleo jipya la Windows lisubiri hadi Mei

Sasisho za usalama za kila mwezi, zile za Jumanne ya pili, weka bila ubishi. Ubishi uko kwenye toleo kubwa, lile linalohamisha menyu na kukuacha unatafuta draiva ya printa. Windows 10 ilikuwa ikiletewa mawili kwa mwaka. Lile la Oktoba 2018 lilisimamishwa ndani ya siku chache kwa kufuta mafaili ya baadhi ya watu. Windows 11 huletewa moja, nusu ya pili ya mwaka. Kwa steshenari ya Mwanga hapa Kigoma, hata hilo moja huja wakati mbaya: maombi ya vyuo na mikopo hayajaisha, foleni imefika barazani.

Kuruka mwaka mmoja? Piga hesabu. Aina za Windows ziitwazo Home na Pro hupewa sasisho kwa miezi 24 tu kwa kila toleo, kwa hiyo ukiruka toleo moja, la kwako linafika mwisho karibu na siku lile la pili linapotoka, bado bichi. Ubuntu LTS, mfumo mwingine wa kompyuta usio Windows, wamepima vizuri zaidi: toleo kila miaka 2, matengenezo miaka 5. Mashine ya kazi inataka mwendo huo.

Basi kwenye Windows subiri Mei, toleo likiwa na miezi kama saba. Kwenye Pro, fungua gpedit.msc (sehemu ya kuhariri sera za Windows), nenda kwenye sera za Windows Update, taja toleo unalotaka kubaki nalo. Home haina gpedit; usibonyeze tu "Download and install" mpaka uwe tayari, ila toleo lako likikaribia mwisho litajipandisha lenyewe.

Usiache kompyuta tano zipakue kila moja kivyake, bando litakwisha. Pakua ISO, faili moja lenye Windows nzima ya kusakinisha, mara moja. Inazidi GB 5, na flashi iliyoformatiwa kwa mpangilio wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4 (hapo ndipo wengi hudhani flashi imekufa), hivyo iformati kwa mpangilio wa exFAT kwanza. Acha GB 20 wazi kwenye diski, bofya ISO mara mbili, endesha setup.exe, chagua kubakiza mafaili na programu. Anza usiku, laptopu ikiwa na chaji, desktopu ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati, mara nyingi Windows hujirudisha ilikotoka, lakini kwenye diski ya kuzunguka utasubiri sana.

Asubuhi jaribu printa na skana kabla ya mteja wa kwanza. Una siku 10 tu za kurudi nyuma. Kabla hazijaisha, fungua Command Prompt kama msimamizi uziongeze hadi 60:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60