Nilipomfungulia Bosi tena

Geti lilikuwa wazi na Bosi amelala. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

Mbwa yule hakuwahi kuona geti wazi akatulia. Kila asubuhi alitoka kwenda kwenye mizunguko yake, akikojolea kona zote kama karani anayegonga mihuri, na jioni alirudi mwenyewe, vumbi hadi masikioni. Paka wetu naye alikuwa na njia yake ya juu ya ukuta na hakumwomba mtu ruhusa. Dada yangu alishasema hadi akachoka: magari, kichaa cha mbwa, watu wenye mawe. Yote kweli tupu. Nilichofanya ni kumhasi Bosi, kumpeleka chanjo kila zamu yake ilipofika na kumvisha mkanda wenye namba yangu ya simu. Kisha nikaendelea kumfungulia.

Nilimwita. Akatikisa mkia mara moja bila kunyanyua kichwa. Nikamfunua mdomo, nikakuta fizi zimepauka, hazina hata dalili ya wekundu. Nikazibonyeza kwa kidole, nikaachia, nikangoja damu irudi. Haikuwa na haraka. Tumboni, pale manyoya yanapokuwa haba, kulikuwa na mabaka ya zambarau. Nikaapa kuna mtu kampiga mateke, na kichwani nikawa nimeshaanza kupanga nitamwambia nani nini.

Daktari wa mifugo hakuyatazama mabaka kwa muda mrefu. Alimtoa damu kidogo ya kupima, akabana pamba pale alipochoma. Akabana, akabana. Kila alipoinua pamba, damu ilikuwa bado inachuruzika.

"Anafungwa au anazurura?"

"Anazurura, daktari."

"Basi usishangae kipimo kikituambia ni sumu ya panya."

Nikabisha. Juzi tu alikuwa anakimbizana na kunguru. Sumu gani hiyo inayomwacha mnyama acheze? Daktari akanieleza huku mikono yake ikiendelea na kazi. Ini hutumia vitamini K kutengeneza vile vitu vinavyogandisha damu, na mwili una kawaida ya kuirudisha vitamini hiyo ikatumika tena na tena. Sumu nyingi za panya zinakata mzunguko huo. Vigandishi vilivyokuwa tayari kwenye damu vinaendelea na kazi yao, kwa hiyo mnyama anakula, anabweka, anaruka. Vinapokwisha, kwa kawaida baada ya siku 3 hadi 5, damu inaanza kuvuja ndani kwa ndani bila mtu kumgusa. Panya wenyewe wanadanganywa hivyohivyo: anayekula leo anakufa siku nyingine kabisa, na wenzake hawakishuku chambo. Ningemfuma Bosi akiila, angetapishwa ndani ya saa chache na yakaisha. Sasa kumtapisha kungekuwa kumtesa bure.

Kipimo kikasema alivyosema daktari. Bosi akaongezewa damu, akachomwa vitamini K1, akalazwa. Niliporuhusiwa kumchukua nilipewa vidonge vya wiki kadhaa, nimpe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili vifyonzwe vizuri, na sharti moja zito: asikimbie, asiruke, asipigane. Kugongwa kidogo tu kungetosha kumwaga damu ndani.

Adhabu ikaanzia hapo. Fizi zilirudi rangi yake mapema sana kuliko vidonge vilivyokwisha, na Bosi akajiona mzima. Alisimama nyuma ya mlango tangu alfajiri. Paka alipopita ukutani, Bosi alilia kilio chembamba ambacho sikujua anacho. Baadaye akaacha kulia, akaanza kulamba mguu wa mbele, mahali palepale, asubuhi mpaka usiku, hadi manyoya yakatoka na ngozi ikabaki nyekundu, imelowa. Mbwa ambaye hatakiwi kutoka damu! Ikabidi avishwe ile koni ya plastiki shingoni, akawa anagonga kila fremu ya mlango.

"Umeona?" dada akasema. "Kumbe anaweza kukaa ndani."

Sikumjibu, maana alikuwa haangalii mguu. Kwangu mimi yule hakuwa mbwa anayekaa ndani. Alikuwa mbwa anayengoja. Najua wapo wanaozaliwa na kuzeekea uani na hawajambo, hasa anayetembezwa kwa kamba na kupewa kazi ya kufanya. Bosi alikuwa ameshaijua dunia, na kumnyang'anya ili aishi miaka mingi zaidi akijilamba, mimi hilo sikulikubali.

Siku chache baada ya kidonge cha mwisho alipimwa tena, damu ikaganda inavyopaswa. Kabla ya kumfungulia nilipita kwa majirani wote nikiwaomba kitu kimoja: anayetega sumu aiweke ndani ya kisanduku kilichofungwa, chenye tundu la kupita panya tu, na aniambie. Wengi walinielewa. Mmoja alikana kabla sijamaliza swali, basi nikajua nianzie wapi kuokota. Chini ya uzio wake nikakuta vipande vya chambo, bluu iliyofifia, vimetafunwa pembeni. Ukiona rangi ile utadhani ni chaki ya mtoto. Nikarudi nikagonga tena kwake, na safari hii tulizungumza vizuri zaidi.

Kesho yake nikafungua geti. Dada alikuwa amesimama kizingitini, mikono kiunoni.

"Siku ukimzika, usiniite kushika jembe."

"Sitakuita."

Jioni Bosi akarudi kachelewa, ananuka mzoga kuanzia shingoni hadi mkiani. Dada ndiye aliyemwogesha, na alimfokea muda wote.