Siku Moja Gereji: Kabla ya Kuchomeka Mashine ya Kupimia

Saa moja na nusu asubuhi. Ninatengeneza injini za petroli katika gereji iliyoko Gerezani, Dar es Salaam. Gari la kwanza leo ni Toyota IST, ambalo niliomba lilale hapa kwa makusudi, kwa kuwa oili, maji ya rejeta na betri hukaguliwa vizuri injini ikiwa imepoa. Betri iliyojaa chaji na kupumzika husoma takriban volti 12.6, hii inasoma 12.5, nami naridhika.

Saa mbili. Mwenye gari anafika. "Shikamoo, mama." Namuuliza tatizo lilianza lini, huzidi injini ikiwa ya baridi au ya moto, na ni kipi kilichoguswa kabla yake. Anaeleza kwamba gari hutetemeka likisimama kwenye foleni, taa ya injini imewaka, na tayari ameshauriwa kununua sensa ya hewa, yaani kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. "Usinunue kitu kwanza, mama," namsihi, maana inaniuma sana kuona watu wakimaliza fedha kwa vipuri vya kubahatisha.

Saa tatu. Kichujio cha hewa kina vumbi la kawaida tu, na soketi za waya zimeshika. Ninapofika kwenye mpira mpana unaopeleka hewa kwenye injini, naitanua mikunjo yake kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, hadi upande wa chini ambao jicho halifiki, na hapo nakuta ufa wenye urefu wa ukucha. Sensa imekaa nyuma ya kichujio, kabla ya ufa huo. Kwa hiyo hewa inayopenya hapo haihesabiwi, kompyuta inapeleka petroli pungufu, na injini inatetemeka. Nawasha gari, naubana ufa kwa mkono, na mtetemo unapungua.

Ndipo nachomeka mashine ya kupimia, inayosoma kompyuta ya gari. Inatoa kodi, yaani namba ya hitilafu, P0171: mchanganyiko wa hewa na petroli una petroli kidogo mno. Kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia 24 injini ikiwa haijakanyagwa, lakini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika nyongeza inashuka hadi asilimia 6, na hiyo ndiyo dalili ya hewa kuvuja.

Saa sita. Gari jingine linamisi, yaani silinda moja haichomi petroli sawasawa, na kodi ni P0302, inayotaja silinda ya pili. Nahamishia koili ya silinda ya pili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, kwenye silinda ya tatu. Kodi inageuka kuwa P0303, ya silinda ya tatu, kwa hiyo koili ndiyo mbovu.

Saa tisa. Mpira mpya wa IST umefungwa. Nafuta kodi na kulijaribu gari Barabara ya Nyerere, pamoja na kusimama kwenye foleni. Limetulia, na nyongeza ya petroli haizidi asilimia 4. Namwandikia mama kwenye karatasi kila nilichokagua na vipimo vyake, ili fundi atakayelishika baadaye asianze upya, na kwamba sensa yake ni nzima.