Mwanafunzi hewa ana karatasi zote

Juzi asubuhi saiba yangu, duka langu la intaneti, ilikuwa imetulia, mvua ilinyesha usiku kucha na watu wa Umoja hapa Nairobi hawatoki mapema kukiwa na matope, so nikafungua YouTube nikapata kamati ya bunge iko laivu. Mimi ni mgonjwa wa hivyo vikao, wacha nikubali tu. Wengine wanaangalia mpira, mimi naangalia afisa wa serikali akipekua faili jasho likimtoka na waheshimiwa wamenyamaza wanamngoja.

Swali lilikuwa rahisi, pesa za elimu zilienda wapi na mbona mkaguzi anasema hakuona stakabadhi. Na jibu, yeyote amewahi kufanya kazi karibu na pesa za umma analijua kama Baba Yetu: mheshimiwa mwenyekiti, stakabadhi hazikuwepo wakati wa ukaguzi lakini sasa zimepatikana. Faili ikasukumwa mezani. Watu wa mkaguzi wakasema wataihakiki, mwenyekiti akasema sawa, twende kwa hoja inayofuata.

Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, ju mimi nimewahi kuwa upande wa hiyo faili.

Kabla nifungue saiba nilikuwa basa, yaani mtunza pesa, wa shule moja ya sekondari ya kutwa huku Eastlands, sitasema gani, walioko wananijua. Kazi yangu ilikuwa kapitesheni. Kwa wale hawajui, serikali iliweka shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na inafaa ije muhula wa kwanza asilimia 50, wa pili 30, wa tatu 20. Kwa hivyo Januari mtoto mmoja anafaa kuwa amekuja na 11,122. Hiyo ni kwa karatasi. Kwa akaunti yetu ilikuwa inaingia vipande vipande, kuna muhula iliingia wiki ya kufunga shule, watoto wanafagia madarasa mimi ndio napata mesej ya benki.

Na hapo katikati shule haifungwi, watoto wanakula, stima inawaka, watu wa jikoni wanataka mshahara. Kuna mzee alikuwa anatuletea mahindi na maharagwe kwa deni. Akikuja kudai hasemi kitu, anaketi kwa benchi nje ya ofisi yangu, anavua kofia anaiweka juu ya goti. Saa mbili nzima. Hiyo kofia ilinisumbua kuliko barua yoyote ya wakili. Nikimlipa namlipa nusu, ananiambia asante binti yangu, na mimi najua ametoka Gikomba na matatu mbili.

Sasa wakaguzi wakaja. Vijana wapole, wakakaa siku mbili, wakaniitisha vocha moja baada ya nyingine, hii ya chaki iko wapi risiti, hii ya mafundi nani alisaini. Nikawapa. Mbili hazikuonekana, nikazipata wiki iliyofuata ndani ya faili ya mwaka mwingine, na ndio unaona nilicheka na ile "sasa zimepatikana", mimi yangu ilikuwa kweli! Lakini ile kitu sijasahau ni hii, darasa la kidato cha pili lilikuwa hatua kama ishirini kutoka kwa meza yangu, watoto wamebanana watatu kwa deski ya wawili, na hakuna mkaguzi alitembea hizo hatua. Siwalaumu sana, walitumwa kuangalia vitabu wakaangalia vitabu.

Na kwa hilo darasa ndio siri yote iko. Kapitesheni ilikuwa inafuata jina la mtoto kwa NEMIS, mtambo wa wizara wa kusajili wanafunzi, na kuingia huko unahitaji cheti cha kuzaliwa. Tulikuwa na watoto hawana. Msichana mmoja alikuwa amelelewa na nyanya yake, mama alikufa, chifu wa huko nyumbani anataka barua kutoka kwa chifu wa huku na wa huku anataka ya huko. Miaka karibu miwili huyo mtoto alikuwa anaketi mstari wa mbele, anapata B, anakula githeri yetu, na kwa hesabu za serikali hayuko. Tulikuwa tunamlisha na pesa za wenzake.

Upande ule mwingine, ripoti ya Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu mwaka wa 2025 ikasema kuna pesa zilienda kwa shule hazipo kabisa. Shule hazipo! Zikafuata habari za wanafunzi hewa, majina kwa karatasi bila mtoto, mpaka wizara ikaagiza watoto wahesabiwe upya na shule zingine zikangojea pesa za muhula wa tatu mpaka hesabu iishe. Hebu fikiria hiyo kwa dakika moja. Mwanafunzi hewa ana namba, ana jina, ana shule, karatasi zake zote ziko sawa. Yule wa mstari wa mbele ndio hana. Na kamati yetu inaketi Bunge Tower, ile nyumba ya ghorofa 28 iliyofunguliwa 2024, inauliza nini? Inauliza karatasi.

Si ati sheria ni mbaya. Katiba kifungu cha 229 kinampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha Juni, halafu bunge linapewa miezi mitatu kujadili ripoti na kuchukua hatua. Yaani hesabu za mwaka uliofungwa Juni zinafaa kuwa zimekwisha kabla ya Machi kuisha. Sasa fungua kikao chochote usikize, mara nyingi wanapitia vitabu vya miaka mitatu, minne nyuma. Katibu aliyekuwa ofisini ashaenda, aliye mbele yao anajibu mambo ya mwingine, na mtoto aliyeingia kidato cha kwanza mwaka huo ashamaliza shule anatafuta kazi. Kuna kifungu cha 226 pia, kinasema afisa aliyeidhinisha pesa zitumike kinyume cha sheria analipa hasara yeye mwenyewe hata kama ametoka ofisini. Mimi hicho kifungu nakipenda. Ningependa pia kukiona kikifanya kazi.

Mahali nimeona kamati ikisaidia ni pale inauliza mapema. Julai 2025 waziri wa fedha John Mbadi alikuwa mbele ya kamati ya elimu, akasema wazi kwamba pesa ziko ni za kama 16,900 kwa mwanafunzi, si 22,244. (Mbadi mwenyewe ndio alikuwa anaongoza PAC, kamati ya bunge ya hesabu za serikali, kabla aende Hazina 2024, so hiyo meza anaijua pande zote mbili.) Kelele zilipigwa, wakubwa wakajitokeza kutuliza watu, lakini angalau tulijua. Mimi nilitoa kalkuleta hapo hapo: tofauti ni 5,344, shule ya watoto 400 ni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Hiyo ndio kofia ya mzee wa mahindi kwa goti. Na hiyo bajeti ya elimu ya 2025/26 ilikuwa bilioni 702.7, zaidi ya nusu inaenda TSC, tume inayoajiri walimu, kwa hivyo mtu akikuambia elimu imepewa pesa nyingi muulize ngapi inafika jikoni.

Upande wa miradi ya serikali ya kazi kwa vijana ni yale yale, tena mbaya zaidi kwa sababu huko hata deski za kuhesabu hakuna. 2009 kulikuwa na Kazi kwa Vijana, 2020 ikakuja Kazi Mtaani, sasa ni NYOTA, vijana 70 kila wadi, 50,000 kila mmoja. Mtoto wa dada yangu alikuwa Kazi Mtaani, 455 kwa siku, kufyeka nyasi na kuzibua mitaro. Sitaidharau, ilikuwa korona na ilitulisha. Lakini ripoti ikifika kwa kamati swali ni vijana wangapi walifikiwa, afisa anasoma namba kubwa, waheshimiwa wanatikisa kichwa. Huyo kijana alifikiwa, kweli, halafu mradi ukaisha na leo anaendesha bodaboda ya mtu. Sijawahi kusikia mheshimiwa akiuliza wale wa 2020 wako wapi.

Pale bunge lilishika kitu ni walimu intani wa JSS, ile sekondari ya chini, walikuwa wanalipwa 20,000 kabla ya makato, 2024 wakagoma, na kwa bajeti ikawekwa bilioni 18.7 na 46,000 wakaandikwa kazi ya kudumu Januari 2025. Unaona hiyo unaweza kuiangalia. Nenda shuleni, mwalimu yuko ama hayuko.

Basi nikiwa bado naangalia, mwenyekiti akamwambia yule afisa arudi baada ya wiki mbili na stakabadhi zilizobaki. Hapo mama mmoja akaingia na mtoto wa yunifomu, viatu vimejaa matope, anataka tuaplai cheti cha kuzaliwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ju shule imemsumbua. Nikazima sauti, nikamwambia keti mama, nipe kadi ya kliniki tuanze nayo. Akamwangalia mtoto kidogo. Akasema iliungua na nyumba.