Ticha alieniuliza "wewe umeona nini?"

Mie nilianza kukaa na watoto wenye mahitaji maalum kama msaidizi wa ticha, kwa kujitolea tu, skuli moja huku Pemba upande wa Wete, nna cheti changu cha fomu foo na mapenzi ya watoto basi. Ticha wa mwanzo nilowekwa nae hakuwa mtu mbaya, lakini asubuhi naingia darasani sijui leo tunasomesha nini, nasikia tu mpeleke huyu chooni, mzuie yule asitoke, mfute huyo mate, mpaka mchana narudi nyumbani nimechoka na sijui kama kuna nlichofanya. Mtoto akilia mie naganda. Nikamwambia mama ntaacha, kazi hii siiwezi.

Halafu akaja ticha mwengine, bibi mtu mzima. Huyu kila siku kabla ya kengele ananiita barazani, ananambia mwanangu leo tunahesabu kwa makombe ya pwani mpaka tano, wewe utakaa na hawa wawili, huyu akikwama kwenye tatu usimtajie, msubiri, kwa sababu ukimtajia atangoja umtajie siku zote. Ile "kwa sababu" ndo ilonitoa uoga! Mtu akikwambia fanya hivi na sababu hukupewa, siku mambo yakigeuka huna pa kushika.

Tulikua na mtoto ana usonji, kengele yetu ni rimu ya gari inagongwa na nondo, ikilia tu anaingia chini ya dawati anajigonga kichwa. Ticha mara ya mwanzo alinionesha, hakumvuta, alikaa chini sakafuni karibu yake kimya, akaweka mtandio wake uliokunjwa pale anapojigonga. Siku ya pili akanambia leo wewe, mie niko hapa mlangoni. Moyo ulinienda mbio lakini nikakaa, nikakaa, mpaka mtoto akatoka mwenyewe. Baadae akaniuliza, wewe umeona nini? Nikamwambia nimeona anaziba masikio kabla hata kengele haijalia, akimuona tu mwanafunzi anakwenda kuchukua nondo. Akaliandika kwenye daftari lake mbele yangu, akasema hilo mie sikuliona. Toka siku ile ikifika saa ya kengele namtoa mapema namkalisha chini ya muembe nyuma ya skuli.

Nimekuja kusoma kuwa Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1977 alieleza mtu anapata wapi imani ya kuwa jambo analiweza: kulifanya mwenyewe likafanikiwa, kumuona mwenzio akilifanya, kuambiwa unaweza, na vile mwili wako unavyotulia au unavyotetemeka. Na kulifanya mwenyewe ndo kuna nguvu zaidi. Nilisoma nikamkumbuka bibi yule na mlango wake. Kule Marekani sheria yao ya elimu maalum inaruhusu wasaidizi mradi wafundishwe na wasimamiwe vizuri, na mie naona hapo kwenye kusimamiwa ndo penyewe, maana sifa peke yake haikuvushi, "hongera unajitahidi" nilishaambiwa sana na yule wa mwanzo.

Kinachoniuma ni semina. Anaitwa ticha, msaidizi haitwi, na mtoto siku nzima yuko na msaidizi. Bibi yule akirudi semina alikua anatoa makaratasi yake pale pale barazani tunapitia pamoja, nukta nundu (maandishi ya wasioona, yanosomwa kwa vidole) ninazozijua leo zote nimezipatia pale, na penseli yake.