Siku chokaa ilipoangukia unga wa mahamri

Watu huniuliza sana nilianzaje kutengeneza muziki na mimi ni mtu wa dansi, basi wacha niwaambie, ilianza 2016 Mji wa Kale, Mombasa, na ilianza na malalamiko.

Nilikuwa nimekodi chumba cha juu kwenye nyumba ya zamani, zile za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, si mbali na Fort Jesus, natunga dansi yangu ya kwanza ya kucheza peke yangu. Nilikuwa nimemwona kwenye intaneti Hofesh Shechter, yule koriografa wa London aliyewahi kuwa mpiga dramu na ambaye muziki wa dansi zake hutunga mwenyewe, na mimi roho yangu ilitaka hivyo hivyo lakini sina ala hata moja, nikawa nachezea muziki wa kudaunlodi na mwili unaukataa. Wiki tatu nahesabu moja mpaka nane, naruka, naanguka, naanza upya.

Asubuhi moja hodi. Ni bi mkubwa wa chini, muuza mahamri, amebeba sinia la donge lililoumuka, na juu yake chokaa ya dari imejaa kama chenga za mchele.

"Shikamoo bi, niwie radhi."

"Marahaba mwanangu. Lakini nambie, huko juu kila siku wahesabu nini?"

Kumbe ujanani alikuwa akipiga chapuo, ile ngoma ndogo, kwenye chakacha, dansi ya wanawake ya harusini. Akabandua lile donge akaliweka kando, akalifuta sinia, akalipakata kifudifudi na kuanza kupiga kwa vidole. Chakacha inakwenda kwa mapigo sita, na sita hiyo ukiikata mafungu mawili umepata mguu, ukiikata mafungu matatu umepata kiuno, na vyote viwili vinakwenda pamoja, ndiyo utamu wake. Akajifungua leso ya mabegani akanirushia: "Jifunge kibwebwe. Mguu upe mbili, kiuno kipe tatu, na usihesabu, sikiza."

Nilikosea mno. Yeye hakuchoka, na wateja wake wakawa wanaita huko chini. Halafu ghafla mwili ukashika, mguu huku kiuno kule, nikasisimka mpaka utosini. Nikamwomba arudie, nikaweka simu sakafuni nikarekodi. Lile sinia lilikuwa na mbonyeo pembeni, akipiga hapo linatoa mlio mzito kama vumi, ile ngoma kubwa, na kwa mbali yasikika honi ya tuktuk, sikuiondoa. Usiku nikakata sauti zile kwenye laptopu, nikaongeza kishindo cha nyayo zangu mwenyewe, na huo ndio muziki wangu wa kwanza.

Siku ya onyesho nilimkalisha mbele. Spika zilipoanza kulia nikamwona amemshika mkono mwanamke wa pembeni yake, hata simjui, anamwambia kwa sauti, "Hilo sinia langu hilo!"