Omena, ndimu na chai ya mwanafunzi
Msichana wa chuo anahitaji miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku. Mvulana 8 tu, kwa kuwa yeye hapotezi damu kila mwezi. Hata hivyo, mara nyingi msichana ndiye anayeshinda na chai na mandazi. Mvulana naye hujaza sahani ugali, mboga kiduchu pembeni.

Ili upate chuma hicho, nenda soko la Kibuye, Kisumu, ununue omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria. Ziloweke kwa maji ya moto dakika 5, uzioshe taratibu, umwage, urudie mpaka mchanga usionekane chini ya beseni. Ukiharakisha hapa, zitakwaruza meno na hutazimaliza. Zikaange bila mafuta hadi zikauke na kuvunjika ukizishika, ndipo utie mafuta vijiko 2, kitunguu na nyanya 2. Uzile nzima nzima, maana kalisiamu imo kwenye mifupa. Kamulia ndimu: vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma, hasa kile cha kunde na maharagwe.

Chai, tafadhali, isubiri saa moja baada ya chakula. Tanini zake, kemikali zinazoipa ukakasi, hushikana na chuma tumboni, kikapita bure. Kosa hili la kunywa chai pamoja na chakula linaniuma zaidi, kwa sababu kulirekebisha hakugharimu hata shilingi.