Kilio Kilisubiri Maiti Aoshwe

Bado nasoma kumbukumbu zilizoandikwa na watoto wa shule za msingi nchini Ayalandi kati ya 1937 na 1939. Walimu waliwatuma wakawaulize wazee mambo ya kale, wakayaandika madaftarini. Habari za misiba ndizo zinazoninyima usingizi.

Mtu akikata roho, dirisha lilifunguliwa ili roho ipate njia. Saa ya ukutani ilisimamishwa, kioo kikafunikwa. Kisha wakaitwa majirani, wanawake waliozoea kazi hiyo, wakamwosha marehemu, wakamvika vazi la kahawia kama la mtawa, wakamzungushia rozari mikononi. Wafiwa hawakushika kitu. Tena hakuna aliyepaza kilio kabla maiti hajawa tayari, maana iliaminika kilio cha mapema huamsha mbwa wa shetani wanaoivizia roho.

Nilipofiwa na mama, shangazi na majirani walifunga mlango wakamwosha, mimi nikabaki ukumbini. Niliumia sana kuachwa nje. Sasa naona kwamba walinibebea mzigo ambao mikono yangu isingeuweza siku ile.

Usiku walikesha, kwa kuwa maiti hakuachwa peke yake. Palikuwa na viko vya udongo vya kuvutia tumbaku, ugoro, chai, pombe, hata michezo ya vijana. Mapadre waliichukia michezo hiyo, na naelewa.

Kilichoniuma ni kwamba waliwapiga vita pia wanawake wa mbolezi. Hawa waliketi kando ya maiti wakataja ukoo wake na ukarimu wake, wakamlaumu kwa kuondoka. Tangu karne ya 17 maaskofu walitoa amri za kuwanyamazisha, na karne ya 20 ilipofika desturi hiyo ilikuwa karibu kutoweka.

Mwaka 1773 Art Ó Laoghaire aliuawa kwa risasi huko Cork, baada ya ugomvi na Abraham Morris, mtu mwenye cheo. Mjane wake, Eibhlín Dubh Ní Chonaill, alimtungia mbolezi ndefu. Humo anamsifu mumewe, na humohumo anamtaja Morris kwa jina na kumlaani. Tungo hizo zilipita vinywani mwa watu kabla ya kuandikwa. Mjane angeyasema wapi kwingine maneno yale mbele ya umati, bila kukatizwa? Mapadre waliita desturi hiyo upagani. Mimi nadhani waliogopa pia kile ambacho mwanamke angeweza kukitamka akiwa kando ya maiti.